Dhana Iliyojificha Ndani ya Hoja



Vijana wetu wanaojiandaa kwa usaili wa kazi au mitihani ya kuingia vyuoni hukutana na swali linalowatatiza wengi: hoja hii imesimama juu ya dhana gani isiyotajwa? Mtihani wa LSAT, wa kujiunga na vyuo vya sheria nchini Marekani, una maswali ya namna hiyo. Elimu hii si ngeni kwetu. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alikifungua kitabu chake cha usuli, al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki.

Tuchukue mfano: "Kijana aliyeleta posa hatumwoni msikitini kwetu. Kwa hiyo haswali." Kauli ya kwanza ni ushahidi, ya pili ni natija. Ni dhana ipi ambayo hoja hii haiwezi kusimama bila ya kuwa nayo?

(a) Waislamu wote wa mtaa huu wanaoswali huswali msikitini kwetu.
(b) Kama kijana huyu angekuwa anaswali, tungemwona msikitini kwetu.
(c) Asiyeswali hafai kuozeshwa.

Kanusha kila kauli, kisha tazama kama hoja itavunjika. Tukikanusha (c), hoja haiguswi, kwani haikuzungumzia kuozesha. Tukikanusha (a), maana yake ni kuwa wapo wanaoswali kwingine. Lakini huenda kijana wetu si miongoni mwao. Kauli hiyo imedai zaidi ya kinachohitajika, na huu ndio mtego unaowanasa wengi. Tukikanusha (b), yaani anaweza kuwa anaswali nasi tusimwone, hoja yote huanguka. Jibu ni (b).

Mtihanini, kosa kama hili hugharimu alama. Majumbani mwetu humkosesha binti mume mwema na kumvunjia kijana heshima asiyoweza kuirejesha. Surat al-Hujurat imetuamrisha kuzihakiki habari na kujiepusha na dhana nyingi.

Basi tunawanasihi wazazi wawazoeze watoto kuuliza, kila wasikiapo "kwa hiyo" katika mazungumzo: ni lipi halikusemwa hapa? Na mwenye posa mkononi, kabla ya kujibu, atume mtu akaulize katika msikiti ulio karibu na kazini kwa kijana.

Wabillahi tawfiq.