Mtoto wa Delta na Neno Moja la Kigeni

Mtoto wa delta ya Rufiji anapoingia Kidato cha Kwanza hupokonywa msitu. Haendewi na polisi wala mgambo. Inatosha kumpa kitabu. Nyumbani alikwisha kujua kwamba mkoko si mchu, mchu si mkandaa, na mkandaa si msinzi. Kwamba mlilana ndio unaosimama mbele kabisa ukipokea mawimbi, na mkomafi hukaa nyuma zaidi. Kitabu cha Jiografia kinamwambia, kwa Kiingereza, kwamba yote hayo ni kitu kimoja chenye jina moja. Akilitaja jina hilo apate alama. Akijua zaidi ya hapo, hana wa kumsahihishia.

Nimefundisha chuo kikuu muda wa kutosha kuyaona matokeo. Hutujia vijana wa pwani wanaoeleza kwa ufasaha msitu wa Amazon, lakini ukiwauliza bamvua huja siku zipi za mwezi, wanababaika. Vijana hawa si wajinga. Wamefaulu, na kufaulu kwao ndiko kunakonitisha.

Tunazungumzia msitu wa mikoko wa takribani hekta 53,000, unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote wa aina yake Afrika Mashariki, na ambao tangu mwaka 2004 umo katika eneo oevu la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Leo delta hiyo iko wilayani Kibiti, wilaya ambayo Watanzania wengi waliisikia kwa mara ya kwanza katika habari za mauaji ya mwaka 2017, kana kwamba huko hakuna jingine la kujulikana.

Elimu ya zamani ya delta ilikuwa na mtihani wake, na mtihani huo haukuwa na huruma. Aliyetumwa kutafuta kaa alijifunza kwamba maji hujaa sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba kati ya nyakati hizo huja maji mafu. Asiyejifunza alikutwa na maji ndani ya mkondo. Aliyekaa juu ya dungu akiamia ndege shambani alizijua tabia za ndege. Kilimo cha mlau, cha kupanda maji ya mafuriko yanapojitoa, kilimfundisha kuutazama mto kama mkulima wa bara anavyotazama mawingu. Miti nayo alijifunza kwa kazi zake: boriti za mkoko zilizosafiri kwa majahazi hadi Ghuba, gome la mkandaa la kutia ngozi rangi, mlilana wa mataruma ya chombo, msikundazi wa mlingoti. Fundi akiunda jahazi, mtoto aliyemshikia mbao alikuwa katika darasa la botania, ingawa hakuna aliyeliita hivyo.

Silii machozi ya ujana uliopita. Watoto wengi waliokuwa madunguni hawakuwa shuleni, na si kwa hiari yao. Wala dola haikosi kigeugeu chake katika habari hii. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea kwamba mtoto wa Kiafrika alielimika kwa kuishi na kutenda hata kabla ya shule za mkoloni. Mwaka uliofuata, baada ya mafuriko, Operesheni Rufiji ilianza kuhamisha familia kutoka bondeni kwenda maeneo ya juu. Shamba la shule nalo, wasomaji wa umri wangu wanalikumbuka: mara nyingi lilikuwa adhabu yenye jembe.

Najua jibu la maofisa wetu: maarifa ya wazee yamepitwa na wakati, kwa maana Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, limeubadili mto. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu naitumia dhidi yao. Mto ukibadilika, anayehitajika ni mtu anayeutazama kila siku. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipozamisha mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, watu walibishana kuhusu mvua na bwawa. Shule ngapi za delta zilikuwa na daftari la kina cha maji?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa kufuga kamba ndani ya delta, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri usikubaliwe. Wanavijiji waliupinga hadi mahakamani, na mradi ukafa. Hawakuhitaji shahada kujua kwamba kamba wachanga hukulia mikokoni. Ukija mradi kama huo kesho, wajukuu wao watasimama na hoja gani? Ile ya picha ya Siku ya Mazingira, mgeni rasmi akichomeka mche huku wao wakipiga makofi? Tumewafundisha kuujua msitu kama mali ya hifadhi isiyoguswa, kisha tunashangaa wanapoukata kama mali ya mtu mwingine.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja. Hakuna sababu kijiji kisiipe shule kipande cha kukitunza. Sera ya elimu, toleo la 2023, inasifu amali. Fundi wa majahazi alipwe posho afundishe, kama tunavyowalipa wanaohudhuria semina. Na mtihani uulize majina ya Kiswahili ya miti.

Kwa ofisa elimu anayesoma hapa, lipo la kuanzia lisilosubiri kibali cha Dodoma: nguzo yenye alama za sentimita, daftari, na darasa la tano. Nyamisati pana gati. Pa kuifunga nguzo pameshapatikana.