Msitujengee makopo: nyumba ya aliyehamishwa lazima iweze kukua

 

Siku hizi kuna dawa mpya inayozunguka katika mikutano. Mgeni anakuja na kompyuta, anatuonyesha picha ya kijumba kilichotengenezwa kiwandani. Vipande vinaunganishwa kwa siku chache, sola juu ya paa, chumba kimoja ambamo mtu anapika, anakaa na kulala. Anasema kinatumia umeme kidogo na hakitaki kiwanja kikubwa, kwa hiyo kinafaa kwa watu waliohamishwa. Watu wanapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nasema kwa nini.

Shangazi yangu ni mmoja wa waliohamishwa. Alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, jiko nyuma, miembe miwili, bustani ya lenga-lenga, na vyumba viwili vya kupangisha. Kodi ya vile vyumba viwili ndiyo ililipa shule ya watoto. Akapewa nyumba ya vyumba viwili, manjanja bila dari, kwa watu wanane. Saa sita mchana hakuna anayeweza kukaa ndani. Mwezi wa sita, baridi ya usiku inawaamsha watoto. Jiko hakuna. Mvua ikinyesha anaingiza mbabula ndani, na moshi wa makala unabaki na watoto. Waliompa walihesabu paa kwa paa, nyumba kwa nyumba. Ile kodi, miembe na bustani hawakuviandika.

Hapo ndipo kosa lilipo. Nyumba ndogo yenyewe si ubaya. Wengi wetu tulizaliwa katika nyumba ndogo. Lakini nyumba ya kwetu haimaliziki siku ya kuingia. Unaanza na chumba kimoja, mwaka wa pili unaongeza kingine, mtoto akioa unamjengea nyuma. Angalieni kambi za zamani. Union Minière, ilipoanza kuwaruhusu wafanyakazi kuishi na familia zao katika miaka ya 1920, iliwajengea nyumba ndogo zilizofanana, mistari kwa mistari. Leo pita katika cité za Gécamines uone: karibu kila parsele ina chumba cha nyongeza. Watu walizikuza nyumba zile kwa sababu kulikuwa na kiwanja cha kuzikuzia. Kopo la kiwandani lililowekwa juu ya kiwanja kisichozidi ukubwa wa paa lake, utaliongezea wapi?

Na tusijifanye hatujui jambo hili linatokea wapi. Mwaka 2014 watu wa Kasulo waligundua kobalti chini ya nyumba zao. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ile ikazungushiwa ukuta, mamia ya familia wakaondoka. Septemba 2023, Amnesty International pamoja na shirika la hapa kwetu, IBGDH, walitoa ripoti kuhusu watu wanaoondolewa kwa ajili ya migodi, pamoja na wale wa Cité Gécamines. Watu walieleza kwamba fidia haikutosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha, na wengine wameishia pembeni ya mji, kusiko na maji wala umeme wa kutegemea.

Umeme! Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa juu ya mto wetu Lualaba katika miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi. Katika miaka ya 1980 ukaja waya mkubwa kutoka Inga, karibu kilomita 1,700, ukapita juu ya vichwa vya wanavijiji hadi hapa Kolwezi, nao pia kwa ajili ya migodi. Kobalti yetu inaendesha magari ya watu wa mbali. Halafu mtu aliyehamishwa anaambiwa ashukuru kwa kipande cha sola kinachowasha taa tatu na kuchaji simu. Sola ni nzuri, siikatai. Lakini kipande kile hakipiki bukari. Mama ataendelea kununua makala, na miti itaendelea kukatwa. Nyumba inayoitwa ya kuokoa nishati, huku mama anapika kwa makala kwenye mvua, haijaokoa kitu.

Kama kweli wanataka nyumba isiyokula nishati, waanze na udongo tunaoukanyaga. Matofali ya kuchoma yanakula kuni nyingi. Yapo matofali ya udongo yanayokandamizwa kwa mashine ya mkono, yakiwa na saruji kidogo tu. Hayachomwi. Yanakauka kivulini, yakinyunyiziwa maji, kwa muda wa wiki tatu au nne. Ukuta mnene wa udongo unachelewa kupata joto mchana na unachelewa kupoa usiku. Kwetu, karibu mita 1,400 juu ya bahari, hilo ndilo tunalotaka. Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya kijiji chake Gando kwa matofali ya namna hiyo, akaweka dari na kuinua manjanja juu yake ili upepo upite katikati. Shule ilimalizika 2001, na wanakijiji wenyewe walifanya kazi. Mwaka 2022 akapewa zawadi ya Pritzker, ambayo ni kubwa kabisa kwa wachoraji wa nyumba duniani.

Na kama pesa hazitoshi kwa nyumba nzima, Chile walishajibu. Mjini Iquique, mwaka 2004, mchoraji Alejandro Aravena na wenzake walijengea karibu familia mia moja nusu ya nyumba: ile nusu ngumu, yenye jiko, choo na ngazi. Nusu ya pili iliachwa wazi, kila familia ijaze kwa nguvu yake. Hiyo nayo ni nyumba ya vipande. Tofauti ni kwamba kipande kinachofuata ni cha mwenye nyumba.

Msiniambie pesa hakuna. Sheria ya migodi iliyorekebishwa 2018 inatoa asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa komini, sekta na machifu wa mahali. Kanuni zake za mwaka huohuo zina nyongeza nzima, ya XVIII, inayohusu kuhamisha watu, kuwalipa na kuwapa makao mapya. Na anayehamisha ndiye mdeni, si serkali peke yake.

Kwenu mnaosubiri kutia sahihi, ulizeni kwanza mambo matano, na majibu yaandikwe. Kiwanja kina mita ngapi, na karatasi zake zitakuwa kwa jina la nani, mume peke yake au mke pia? Jiko liko wapi, na lina paa? Maji na umeme vitafika lini? Ukuta wa nyuma umeachiwa pahali pa mlango, ili chumba kingine kiongezwe bila kubomoa? Na kodi, miti na bustani mliyoacha vimehesabiwa kwa bei gani?

Mgeni akishindwa kujibu, mwambieni afunge kompyuta yake, aende akalale usiku mmoja wa mwezi wa saba katika nyumba aliyoleta. Asubuhi tutaanza mkutano upya.

Kutoka Kolwezi, ni mimi mwandishi wenu wa redio.