Mshika Mawili Atumie Mguu

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka, na hawakukosea. Hata hivyo, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, leo nimeshika kalamu niwaulize wahenga hao swali moja kwa adabu: je, mguu nao mliuhesabu?

Nauliza hivyo kwa sababu ya mjomba wangu. Yeye hupiga kinanda na kuimba peke yake katika harusi na harambee, hapa Kisii na kule Nyamira. Hana bendi. Bendi ya watu watano inataka nauli ya watu watano, chakula cha watu watano na malipo ya kugawa mara tano, na wenye harusi wengi hawana uwezo huo. Mtu mmoja na kinanda chake ndiye anayewafaa. Sehemu ya karo yangu hutoka kwenye kinanda hicho, kwa hivyo haya si masihara.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilimfuata kwenye harusi moja karibu na Kebirigo ili nimsaidie kubeba spika. Maharusi wakaanza kuingia hemani kwa madaha, akina mama wakipiga vigelegele. Mjomba alikuwa akiimba, mkono wa kulia ukicheza wimbo, wa kushoto ukishika kodi (si ile ya serikali, jamani, ni zile sauti zinazopigwa pamoja). Mshereheshaji akampa ishara abadilishe mapigo yawe ya polepole. Mjomba akaondoa mkono wa kushoto upesi kutafuta kitufe. Lo! Kidole kikatua kwenye kitufe jirani. Ngoma zikanyamaza ghafla, maharusi wakasimama kama sanamu, watoto wakaangua kicheko. Jioni alilipwa nusu ya pesa walizopatana. Hakusema neno mpaka tukafika nyumbani. Muhula ulipofunguliwa, mimi nilifika shuleni wiki mbili baada ya wenzangu.

Hebu tuelewe kosa lilitoka wapi. Kinanda cha namna hii, kiwe Yamaha, Casio au Korg, kina bendi nzima tumboni. Ukishika kodi kwa mkono wa kushoto, chenyewe hupiga ngoma, besi na gitaa kikiifuata kodi hiyo. Kina kitufe cha utangulizi, cha mapigo ya ubeti, cha mapigo ya kiitikio, cha mrindimo mfupi wa kupamba katikati, na cha kumalizia. Vizuri sana! Lakini kila kitufe kinataka kidole, na vidole vyote kumi vina kazi tayari. Mjomba hakuwa mvivu wala hakurogwa. Ni hesabu tu iliyokataa.

Dawa yake ni pedali, kile kikanyagio kinachochomekwa kwa waya nyuma ya kinanda. Wengi wetu tunaijua kazi yake moja, kurefusha sauti. Kumbe vinanda vingi vinakuruhusu kuipa pedali hiyo kazi nyingine, kama kuanzisha na kusimamisha ngoma. Vile vya bei ya juu huwa na matundu mawili au zaidi ya pedali, na unaweza kuzipa kazi ya mrindimo, ya kumalizia, au ya kuruka kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Yaani nyumbani, kabla ya sherehe, unahifadhi kila wimbo pamoja na mapigo yake, kasi yake na sauti yake. Siku yenyewe ikifika unakanyaga mara moja tu, mikono ikibaki pale pale. Hata asiye na pedali asikate tamaa. Vinanda vingi vina kitufe cha kusubiri. Ukikiwasha, ngoma huanza zenyewe mara tu mkono wa kushoto unapogusa kodi.

Nawasikia wengine mkinong'ona, "Ah, huo ni udanganyifu! Huyo si mwanamuziki, ni mkanyaga mashine tu." Mbona basi hatuwaiti majirani zetu Wajaluo wadanganyifu? Mpiga nyatiti huketi chini, mikono yote miwili iko nyuzini, kinywa kinaimba. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, akaigongesha kwenye nyatiti, na mguuni hufunga njuga ziitwazo gara. Mtu mmoja, bendi kamili, bila umeme. Ulaya nako, vinanda vikubwa vya makanisa vina safu ya vibao vya kupigwa kwa miguu, na besi hutoka huko. Na sisi Abagusii tunajivunia obokano, kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito. Mpigaji huimba akijipigia mwenyewe. Kusimama peke yako mbele ya watu hakukuletwa na mashine.

Nakubali kwamba wapo wanaocheza wimbo uliorekodiwa mzima huku wakipapasa kinanda kwa maonyesho. Hao siwatetei ng'o. Lakini pedali haipigi wimbo. Inangoja mguu wa mtu aliyehesabu mapigo. Ukichelewa, mrindimo unaingia mahali pasipofaa na kila mtu anasikia. Mguu unataka mazoezi kama mkono.

Sasa nigeukie shule yetu. Kila siku ya zawadi tunamwona mwanafunzi wa pili amesimama kando ya mpiga kinanda, kazi yake kufinya vitufe. Kila mwaka pia tunasikia ombi la kununua kinanda kipya. Maoni yangu ni kwamba tununue pedali kwanza, maana bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kinanda. Pili, tufundishwe kuitumia. Muziki ni somo la KCSE lenye mtihani wa vitendo, na baada ya shule ni kazi inayolisha watu. Tatu, tusidharau vitu vidogo. Chomeka pedali kabla ya kuwasha kinanda, la sivyo chaweza kuisoma kinyume, ukikanyaga kinaachia. Na sakafu ya hema huwa nyasi au tope, kwa hivyo weka kipande cha mpira wa tairi chini yake isikuteleze.

Mjomba alinunua yake mjini Kisii mwezi wa Oktoba. Siku za kwanza alikanyaga mara mbili badala ya moja akajikuta kwenye wimbo ambao haukuhitajika, sisi tukacheka hadi machozi. Alirudia kila jioni baada ya kuchuma chai. Desemba alipiga harusi nyingine, maharusi wakaingia, mapigo yakabadilika taratibu, na mikono yake haikuondoka kwenye kinanda hata mara moja. Alilipwa zote.

Januari mimi nilifika shuleni siku ya kwanza. Basi wahenga watusamehe: mshika mawili moja humponyoka, ila akiwa na mguu uliofunzwa.

Mwanachama, Kidato cha Tatu