Siku ya baiskeli na mvinyo katika Rasi, na hadithi wasiyosimuliwa wageni

Tangu Januari 2023, Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaweza kuingia Afrika Kusini bila viza na kukaa huko hadi siku 90 kwa mwaka. Suala hili lilikuwa limezusha manung'uniko baina ya Nairobi na Pretoria kwa muda mrefu, na lilipopatiwa ufumbuzi, watu wetu wa tabaka la kati hawakukawia. Wale ambao zamani likizo yao iliishia Diani au Malindi sasa hurudi na picha za Mlima Meza. Na katika picha hizo, msomaji, aghalabu utawaona wamevaa kofia ngumu za waendesha baiskeli, mkono mmoja umeshika usukani na wa pili umeinua bilauri.

Hiyo ndiyo siku ya baiskeli na mvinyo, bidhaa ya utalii inayouzwa sana katika wilaya za Stellenbosch, Franschhoek na Paarl, mwendo usiofika saa moja na nusu kwa gari kutoka Cape Town. Mgeni hukabidhiwa baiskeli asubuhi, akaongozwa na kijana anayejua vichochoro vya mashamba, akapita baina ya safu za mizabibu zilizonyooshwa kana kwamba kwa rula, huku milima ya Simonsberg na Drakenstein imesimama pembeni kama ukuta wa samawati. Kila baada ya kilomita chache hushuka kuonja. Jioni hurudishwa hotelini kwa gari, maana baada ya shamba la tatu au la nne si busara tena kumwamini mtu na magurudumu mawili.

Sina ugomvi na starehe hii. Mimi mwenyewe niliionja nilipokuwa huko kwa shughuli za kitaaluma, na nakiri kwamba ni vigumu kupata mandhari yenye utulivu kuliko ile. Linalonishughulisha ni lugha yake. Siku ya namna hiyo kwa kweli haiuzi baiskeli, wala haiuzi mvinyo pekee, kwani vyote viwili vinapatikana Nairobi. Huuza masimulizi. Mgeni hulipia hadithi ya udongo, ya jua, ya upepo wa kusini-mashariki unaovuma majira ya kiangazi, na ya ukoo uliolitunza shamba vizazi vingi. Kwa hiyo ni haki kuuliza ni nani anayesimuliwa, na ni nani aliyeachwa nje ya hadithi.

Tuanze na maneno yenyewe. Waonjaji wana msamiati wao ambao humchekesha anayeusikia kwa mara ya kwanza: husema mvinyo una mwili, una miguu, una pua, umekomaa au bado ni mchanga. Huzungusha bilauri, wakanusa, wakanywa funda dogo na kulitema katika chombo maalumu. Wazee wa pwani wanaojua tembo la mnazi hawangeshangaa sana, maana nao walitofautisha la asubuhi na la jioni, tamu na kali, na wakatuachia methali ya mgema anayesifiwa akalitia maji. Na neno letu mvinyo lina safari ndefu: tulilipokea kutoka kwa Wareno, kama tulivyopokea meza na leso, ilhali divai ya altare ilitufikia kwa mkondo wa Kifaransa. Neno likihama huacha nyayo, na anayezifuata hufika mahali ambapo pengine mwenyeji hakukusudia kumpeleka.

Katika mashamba ya Rasi nyayo hizo ni nyingi. Franschhoek ni Kiholanzi, maana yake ni kona ya Wafaransa. Kiongozi yeyote atakueleza kwamba walipewa ardhi hapo Waprotestanti wa Ufaransa, Wahuguenoti, waliokuwa wakikimbia mateso ya dini nchini mwao na kuanza kuwasili Rasi kwa wingi mwaka wa 1688. Walikuwa watu mia mbili hivi tu. Wana mnara mkubwa wa mawe katika mji huo, uliozinduliwa mwaka wa 1948, na majina yao ya ukoo bado yamebandikwa kwenye chupa. Kabla yao bonde hilo lilijulikana kama kona ya ndovu, na kabla ya jina hilo palikuwa na Wakhoikhoi waliolisha ng'ombe wao hapo. Ndovu hutajwa na viongozi wa ziara. Wakhoikhoi hutajwa kwa nadra.

Hebu tuzipange tarehe. Jan van Riebeeck aliweka kituo cha Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi ya Mashariki katika Rasi mwaka wa 1652. Mvinyo wa kwanza wa huko ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na siku hiyo hutajwa katika kila shamba kama siku ya kuzaliwa kwa mvinyo wa Afrika Kusini. Lakini mwaka mmoja kabla yake, yaani 1658, zilitia nanga meli zilizoleta shehena za kwanza kubwa za watumwa, kutoka Angola na Dahomey. Kuanzia hapo hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka wa 1808, inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 60,000 waliletwa Rasi wakiwa watumwa, kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Mizabibu ya Rasi basi haikupata kujua siku moja bila utumwa hadi karne ya 19. Watu mia mbili wana mnara. Elfu sitini wana nini?

Wana majina. Watumwa walipofika walivuliwa majina yao na kupewa mapya, ya Biblia, ya ngano za Kirumi na Kiyunani, au ya miezi ya mwaka. Ndiyo maana hadi leo katika Rasi ya Magharibi utakutana na familia nyingi zenye jina la ukoo la September, February au April, na aghalabu ni familia za jamii ambayo sheria za Makaburu ziliiainisha kuwa machotara. Ukiufungua ukurasa wa majina ya darasa katika shule ya huko, umefungua daftari la bandarini.

Kiongozi wetu wa siku ile alikuwa na jina la ukoo la namna hiyo. Kutwa nzima alitusimulia habari za Wahuguenoti kwa ufasaha na bashasha. Tulipokuwa tukipumzika chini ya mialoni nilimuuliza kuhusu jina lake. Alitabasamu, akasema kwamba anajua lilikotoka, bibi yake alimweleza. Ila hilo halimo katika maelezo aliyokabidhiwa na waajiri wake, na wageni hawaji kwa ajili ya huzuni. Sikumlaumu. Yeye alikuwa kazini. Lakini fikiria hali hiyo: mjukuu wa waliopanda mizabibu anasimulia kwa mshahara historia ya waliomiliki mizabibu, na ya kwake anaiweka mfukoni.

Ajabu ni kwamba hata lugha aliyozungumza na wapishi pale shambani ni ushahidi wa yale aliyoyanyamazia. Juu ya mji wa Paarl lipo sanamu kubwa la ukumbusho wa lugha ya Kiafrikaans, lililofunguliwa mwaka wa 1975, na waendesha baiskeli wenye mapafu imara hupandishwa hadi huko. Katika mji huo ndiko mwaka wa 1875 kilikoundwa chama cha kuitetea lugha hiyo kama lugha ya wakulima weupe. Ilhali Kiafrikaans kilifinyangwa pia vinywani mwa watumwa na Wakhoikhoi, jikoni na mashambani. Neno lake la kusema 'sana' au 'nyingi', baie, limetoka katika Kimalay. Ndizi huitwa piesang, Kimalay tena. Na miongoni mwa maandishi ya awali kabisa ya lugha hiyo ni yale ya Waislamu wa Cape Town, walioiandika kwa hati za Kiarabu kama mababu zetu walivyoandika tenzi za Lamu na Pate. Kitabu cha fikihi cha Abu Bakr Effendi, kilichochapishwa Istanbul mwaka wa 1877, ni Kiafrikaans kwa hati hizo. Waliojenga sanamu la Paarl walimtengea Mmalay ukuta mfupi baina ya nguzo ya Ulaya na ile ya Afrika.

Utumwa ulikomeshwa rasmi tarehe 1 Desemba 1834, lakini walioachwa huru walilazimishwa kuwafanyia kazi mabwana wale wale miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi. Kisha ukaja utaratibu ulioshinda minyororo kwa ujanja. Kwa Kiafrikaans uliitwa dopstelsel. Mfanyakazi wa shamba alilipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, na si ule wa kuonjwa na wageni, bali makapi, akamiminiwa kikombe mara kadhaa kwa siku kuanzia alfajiri. Anayelipwa ulevi hawezi kuweka akiba, wala hawezi kuhama. Sheria iliupiga marufuku katika karne ya 20, lakini uliendelea kichinichini kwa miaka mingi, na matokeo yake hayakufutika kwa kalamu ya bunge. Rasi ya Magharibi ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizopatikana kuwa na viwango vya juu kabisa vya watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili na akili kwa sababu ya pombe iliyonywewa na mama zao wajawazito. Watoto hao husoma katika shule zilizo kando ya barabara zile zile za baiskeli.

Yamkini msomaji atasema hayo ni ya kale, na kwamba baada ya 1994 nchi ilianza upya. Mgala muue na haki yake mpe: mengi yamebadilika. Sheria ya mwaka wa 1997 inawalinda wakazi wa mashamba dhidi ya kufukuzwa kiholela. Chama cha WIETA, kilichoundwa mwaka wa 2002, hukagua hali ya wafanyakazi, na mvinyo uliopita mtihani huo hubandikwa muhuri. Yapo pia mashamba machache yaliyofungua majumba ya makumbusho na kuandika majina ya watumwa ukutani. Hata hivyo, mwaka wa 2011 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu mashamba ya matunda na mvinyo ya mkoa huo, ikieleza nyumba zisizofaa binadamu, watu kunyunyizia dawa za sumu bila kinga, na familia kutimuliwa licha ya sheria. Mwaka uliofuata, Novemba 2012, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu ya De Doorns waligoma. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa randi 69 kwa siku. Wao walidai 150. Barabara kuu ilifungwa, mizabibu ikachomwa, watu wakafa, na kuanzia Machi 2013 kima kikawa randi 105. Kwa fedha hizo mchuma zabibu hangeweza kulipia hata nusu ya siku ya baiskeli anayouziwa Mkenya. Hata kima cha chini cha kitaifa kilipoanza Januari 2019, kwa randi 20 kwa saa, mfanyakazi wa shamba alitengewa randi 18, na alisubiri hadi 2021 ndipo akalinganishwa na wenzake.

Je, basi tususie? Sioni faida. Wafanyakazi wa De Doorns hawakutaka mashamba yafungwe, walitaka walipwe. Ninaloshauri ni dogo na halimharibii mtu likizo yake. Mgeni amuulize kiongozi jina lake na asili yake. Aulize wachumaji wanaishi wapi. Akipita baina ya Franschhoek na Paarl aombe kusimama mbele ya gereza lililoitwa Victor Verster, ambako Nelson Mandela alitoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990. Na akiwa Stellenbosch avuke aingie Kayamandi, mtaa wa Waafrika uliotengwa wakati wa ubaguzi. Jina hilo ni la Kikhosa, nalo lina maana ya nyumba tamu. Mmijikenda atalitambua neno kaya bila mkalimani. Waongozaji wa ziara ni wafanyabiashara. Masimulizi yakiulizwa na wanunuzi, yataingizwa katika maelezo.

Nayasema haya kwa sababu sisi pia tumeanza kuuza bidhaa ya aina hiyo. Watalii hutembezwa katika mashamba ya chai ya Limuru na Kericho, wakaonjeshwa majani kwa daraja zake, na wapo wanaotaka njia za baiskeli zipanuliwe huko. Ni wazo zuri, linaweza kuwaletea vijana kazi. Lakini vilima vya Kericho navyo vina waliohamishwa: ukoo wa Talai ulipelekwa uhamishoni Gwassi kwa sheria iliyotungwa mwaka wa 1934, na vizazi vyake bado vinadai haki. Vina wachumaji wanawake pia, ambao Februari 2023 walieleza katika uchunguzi wa BBC jinsi baadhi ya wasimamizi walivyowataka kimapenzi ili wapewe kazi. Kijana wa Kericho atakayetangulia na baiskeli yake mbele ya wageni kutoka Ulaya au kutoka Cape Town atakabidhiwa maelezo ya kusoma. Hadi sasa sijasikia wizara wala kaunti ikieleza ni nani atakayeyaandika.