Futa Kwanza, Ndipo Uhukumu

Likizo iliyopita nilikuta pikapu ya baba mdogo imepaki nyumbani Pasiansi, chini yake limetandikwa boksi lililojaa madoa meusi. Ni Hilux ya zamani, injini ya 3L ya dizeli, inayobeba dagaa kutoka mwaloni Kirumba. Nisiwafiche, wanazuoni wenzangu: hiyo pikapu ndiyo inayonisomesha. Mkopo wangu haufiki asilimia mia, na pengo linazibwa na zile tripu.

Fundi alikuwa ameshainama chini ya gari dakika mbili. Akaona matone yanadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, akatoa hukumu: sili ya nyuma ya krenki imekufa. Kushusha giaboksi, kufungua klachi, sili mpya na ufundi, jumla laki tatu na nusu. Ada niliyokuwa nadaiwa ilikuwa laki nne. Hapo unaelewa kwa nini sikulala.

Asubuhi nikaja na jibu langu, nimelichimba kwenye simu usiku kucha. Nikasema ni swichi ya presha ya oili. Fundi akacheka. "Msomi, umeiona ikilowa?" Sikuwa nimeiona. Baba mdogo akatukata wote wawili: "Mnabishana juu ya gari chafu. Lioshwe kwanza."

Tukaliosha. Injini ikiwa ya baridi, tulipiga brashi na dizeli, kisha maji ya sabuni, tukakwepa alteneta na nyaya. Tukakausha kwa matambara. Tukahakikisha kwanza kwamba kinachovuja ni oili ya injini: kwenye dizeli kuukuu huwa nyeusi tii, wakati ile ya stelingi mara nyingi ni nyekundu, na ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali. Tukapima oili kwenye kijiti, tukapuliza poda ya mtoto pande zote za injini, tukawasha gari robo saa, tukazima. Halafu tochi.

Sheria ni moja tu: usitafute palipolowa zaidi, tafuta palipolowa juu kabisa. Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone linaweza kudondokea mbali kabisa na lilikotokea. Kwenye poda nyeupe mstari mweusi ulionekana wazi: umeanzia kwenye kava ya tapeti, kona ya nyuma, ukateremka mgongoni mwa injini hadi pale pale fundi alipokuwa ameonyesha. Sili haikuwa na kosa. Swichi yangu ilikuwa kavu kama mchanga wa Igombe wakati wa kiangazi.

Gasketi ya kava ilikuwa imekauka kwa joto la miaka, ngumu kama plastiki. Fundi mwenyewe ndiye aliyeongeza jambo ambalo mimi nisingeliwaza: akachomoa paipu ya kupumulia ya injini, akaikuta imeziba masizi. Ikiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili nje popote penye udhaifu. Tungebadilisha gasketi peke yake, pengine ingevuja tena. Gasketi mpya, paipu ikasafishwa, nati zikakazwa kidogo kidogo kwa zamu bila kutumia nguvu za Kisukuma. Elfu hamsini yote. Siku mbili baadaye boksi lilikuwa kavu.

Sasa, hoja yangu si kwamba mafundi ni wezi. Yule alikosea kwa sababu kila mteja anataka gari lake jioni hiyo hiyo, na kuosha hakulipwi. Tunalipia spea na kufungua nati, hatulipii kuchunguza. Na sisi wa vyuoni tuna ugonjwa huo huo. Nusu ya darasa ikifeli somo, siku hiyo hiyo tunajua mhadhiri ni mbaya. Nani amefuta kwanza? Nani ameuliza ratiba iligongana na nini, vitabu vilikuwepo vingapi, walioanguka walifika darasani mara ngapi? Tunahukumu pale tone lilipodondokea.

Ninapendekeza jambo dogo kwa serikali yetu ya wanafunzi. Bajeti ya bonanza moja igawanywe, Jumamosi moja kila muhula tumwalike fundi, alipwe kama mtoa mada yeyote, aje na gari bovu. VETA hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Sisi tunashindwa hata kuwapa kiti? Tutajifunza kushika tochi, nao tutawaonyesha kwamba uchunguzi una thamani ya kulipiwa.

Kuna la ziada linalotuhusu wakazi wa Mwanza. Oili inayodondoka barabarani na kumwagwa mitaroni husombwa na mvua hadi ziwani, na ziwa ndilo tunalokunywa. Ile tuliyoifuta tuliiweka kwenye dumu.

Ada nimelipa. Muhula ujao mkinisikia nimesimama mkutanoni nalaumu mtu kabla sijafuta, niulizeni kama fundi alivyoniuliza: umeiona ikilowa?