Printa ni ya Wote, Lakini Stetimenti ni Yako

Hebu leo tuongee kuhusu kifaa ambacho wengi wetu hatukihusishi na usalama wa pesa za simu: printa ya ofisi.

Ofisini kwetu tuko watano kwenye orofa moja. Kuna wakala wa bima, mhasibu, wakala wa pesa, kijana anayesaidia watu kujaza fomu za serikali mtandaoni, na mimi. Kila mtu ana biashara yake, lakini kodi tunachanga, stima tunachanga, Wi-Fi tunachanga, na printa ni moja. Imeunganishwa na rauta, kwa hivyo yeyote aliye kwenye Wi-Fi yetu anabonyeza tu akiwa mezani kwake na karatasi zinatoka pale kona. Ni mpango mzuri, na umetuokolea pesa.

Siku moja mama mmoja anayeuza mitumba alikuja kwa yule kijana. Alitaka stetimenti ya miezi sita ili aombe mkopo kwenye SACCO yake. Kijana akaifungua, akabonyeza, zikatoka kurasa tatu, kisha karatasi zikaisha. Rimu nyingine hatukuwa nayo. Mama alikuwa ameacha kibanda chake bila mtu, akasema, "Wacha nirudi kesho, kijana wangu." Akachukua zile tatu, akaenda.

Jioni, kijana akiwa ameshaenda nyumbani na kuacha kompyuta yake ikiwaka, mhasibu alileta rimu mpya na kujaza trei. Printa haikuwa imesahau. Ile kazi ilikuwa bado kwenye foleni, ikaendelea pale ilipoachia. Kurasa zote zilizobaki zikatoka, mwenyewe hayuko. Zikalala hapo usiku kucha. Asubuhi kila aliyekuja kuchukua kazi yake alizisukuma kando, na nyingine zikageuzwa kuwa karatasi za kuandikia hesabu kwa upande wa nyuma.

Baada ya siku chache mama alipigiwa simu. Mpigaji alijua majina yake yote. Alijua pesa alizomtumia muuzaji wake wa bidhaa, na tarehe. "Mama, sisi ni huduma kwa wateja. Ule muamala wako una shida, tupe PIN tukurekebishie." Shukuru Mungu mama alikuwa macho. Alikata simu, akaja moja kwa moja ofisini kutuuliza.

Siwezi kuapa kwamba zile karatasi ndizo zilizomfikia tapeli. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuapa kwamba si zenyewe. Hapo ndipo nilipoona aibu.

Lawama ni ya nani?

Kuna waliosema kosa ni la mama, mbona aliondoka kabla kazi haijaisha? Wengine wakasema dawa ni kila mtu anunue printa yake. Mimi nakataa yote mawili.

Mteja hajui foleni ya printa inafanya kazi vipi, na si lazima ajue. Anajua ametoa pesa zake na amehudumiwa. Na kununua printa tano kwa watu wanaoprinti kurasa chache kwa siku ni kutupa pesa. Wino peke yake utakumaliza. Kutumia printa pamoja si kosa. Kosa ni kuitumia pamoja bila mpangilio, kama choo cha ploti ambacho hakuna anayejua ni zamu ya nani kukiosha.

Fikiria stetimenti ina nini ndani: jina lako, nambari yako, kila muamala na tarehe yake, watu unaowalipa, watu wanaokulipa, na salio lako. Tapeli hahitaji kuvunja simu yako. Anahitaji maneno mawili matatu ya kweli ili umwamini, halafu wewe mwenyewe umpe PIN. Ndiyo maana stetimenti nyingi hutumwa kwa barua pepe zikiwa zimefungwa na msimbo. Lakini ikishatoka kwa printa, kufuli imeisha. Karatasi haina PIN.

Na si siri yako peke yako. Wateja wako na jamaa zako nao wako kwenye hiyo karatasi.

Kwa wenye ofisi na saiba

Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayeshika habari za watu katika kazi yake ana wajibu wa kuzilinda. Usidhani ni mambo ya benki na kampuni kubwa tu. Ukipokea kitambulisho cha mtu na kukitoa kopi, umeshika habari zake.

Sisi tulikaa chini tukakubaliana mambo haya, na hakuna lililotugharimu pesa nyingi:

1. Tuligawanya Wi-Fi mara mbili. Rauta nyingi zina nafasi ya kuweka mtandao wa wageni. Wateja wanaosubiri wanapewa huo, na printa iko kwenye ule mwingine. Zamani tuliwapa wote nywila moja, kumbe tulikuwa tumewafungulia mlango wa printa pia.

2. Tulibadilisha nywila ya printa yenyewe. Ndiyo, printa ya mtandao huwa na ukurasa wake wa mipangilio, na ukiiacha na nywila ya kiwandani, yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kuingia humo.

3. Kazi ikikwama, inafutwa kabla mteja hajaondoka. Karatasi zikiisha, fungua foleni kwenye kompyuta, futa, kisha utume upya akirudi. Kuzima printa peke yake hakutoshi, kwa sababu kazi inaweza kuwa inangoja ndani ya kompyuta na itatoka printa ikiwashwa.

4. Printa ikiwa na uwezo wa kungoja PIN, tumia. Unatuma kazi, lakini haitoki mpaka ufike kwenye printa na ubonyeze nambari uliyoweka. Angalia kwenye mipangilio, huenda yako inayo na hujawahi kuigusa.

5. Folda ya skani inasafishwa kila jioni. Ukiiangalia leo unaweza kukuta vitambulisho vya watu uliowahudumia miezi mingi iliyopita.

6. Karatasi iliyoachwa haiandikiwi nyuma. Inachanwa vipande vidogo, siku hiyo hiyo.

Kwa wewe mteja

Nawe una sehemu yako, na ni ndogo.

Omba stetimenti ya muda unaohitajika tu. Wakitaka miezi mitatu, usiprinti mwaka mzima.

Usitume faili kwa WhatsApp ya mhudumu kama kuna njia nyingine, kwa sababu itabaki kwenye simu yake. Ukifungua barua pepe yako mwenyewe kwenye kompyuta ya saiba, andika nywila kwa mkono wako, na ukimaliza ujiondoe. Faili uliyopakua ifute, kisha uifute pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Ukiwa umefungua WhatsApp hapo, ingia kwenye simu yako sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na uiondoe ile kompyuta.

Simama karibu na printa. Jua ni kurasa ngapi zinatarajiwa, na uzihesabu zikitoka. Zikipungua, usiondoke kabla hujaona kazi ikifutwa. Si kumdharau mhudumu. Ni kama vile unavyohesabu chenji mbele ya mwenye duka, na hakuna anayekasirika.

Na hata kama karatasi zako zimeshapotea, bado PIN iko kichwani mwako. Mtu akikupigia akijua jina lako, salio lako na hata muamala wa jana, hiyo si thibitisho kwamba anatoka kwetu. Hatuwezi kukuuliza PIN, iwe kwa simu, kwa ujumbe au ana kwa ana. Kata simu, kisha upige nambari rasmi ya huduma kwa wateja wewe mwenyewe.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata. Tulimprintia upya bila malipo, akiwa amesimama pale kona, akihesabu kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika wa mwisho alizipanga, akazitia kwenye mkoba, akauliza, "Imebaki kitu huko ndani?" Kijana akamwonyesha foleni kwenye kompyuta, ikiwa tupu.

Hilo swali lake tumeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya printa. Nawe ukienda kuprinti, uliza.