Jiwe Lililo Kwenye Jaketi Langu

Jaketi langu la baridi nililinunua Gikomba kwa mia tisa, baada ya mimi na muuzaji kubishana hadi tukachoka wote wawili. Ni la The North Face, au ni feki safi, sijali. Kifuani lina ile alama ya mistari mitatu iliyopinda kama robo ya duara. Nimelivaa miaka miwili nikidhani ile mistari ni upinde wa mvua. Kumbe ni jiwe. Linaitwa Half Dome, mwamba wa graniti ulio katika Mbuga ya Kitaifa ya Yosemite, California, na kilele chake kiko mita 2,694 juu ya usawa wa bahari.

Ukishalijua, unaliona kila mahali. Limo kwenye sarafu ya jimbo la California iliyotolewa mwaka 2005. Apple walipotoa mfumo wao wa Yosemite mwaka 2014, ndilo lililokukaribisha ukifungua laptopu. Na kila Jumamosi liko Elephant Hill na Ngong, vifuani mwa wasee ambao hata viza ya Marekani hawajawahi kuomba.

Sina ugomvi na jiwe. Nina ugomvi na hadithi tunayouziwa pamoja nalo, kwamba pale ni pori tupu, asili ambayo haijaguswa na binadamu. Huo ni uongo, na ni uongo uliotufikia hadi huku.

Bonde lililo chini ya mwamba ule lilikuwa na wenyewe. Wanaitwa Ahwahneechee, na bonde lao waliliita Ahwahnee. Jiwe waliliita Tis-sa-ack, mwanamke aliyegeuzwa jiwe, na ile michirizi myeusi kwenye uso wa mwamba ni machozi yake. Walikuwa wakichoma nyasi kwa mpango, ili mialoni izae vizuri na wao wapate chakula. Wageni walipofika wakakuta mbuga safi yenye miti iliyokaa kwa nafasi, wakasema, tazama Mungu alivyopanga. Jamani, lile lilikuwa shamba la watu.

Mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo wa California kiliingia bondeni, kikachoma nyumba na akiba ya chakula. Mzee wao, Tenaya, alikamatwa, na mmoja wa wanawe akauawa. Daktari aliyefuatana na kikosi hicho ameandika kwamba walipofika kwenye ziwa moja juu milimani, alimwambia mzee kuwa sasa ziwa litaitwa Tenaya, kwa heshima yake. Mzee akamjibu kwamba ziwa tayari lina jina, Pywiack. Hadi leo, ramani inasema Tenaya.

Hebu kaa na hilo kidogo. Unamfukuza mtu kwao, halafu unampa jina lake kwenye ramani kama zawadi.

Mengine yalifuata haraka. Mwaka 1864 serikali ya Marekani ikalitenga bonde kwa ajili ya umma, na mwaka 1890 eneo likawa mbuga ya kitaifa. Mwaka 1875 George Anderson alitoboa graniti na kupigilia vyuma hadi akafika kilele cha Half Dome. Tangu 1919 kuna nyaya za chuma za kushikilia ukipanda. Wapandaji wamekuwa wengi kiasi kwamba siku hizi kibali kinatolewa kwa bahati nasibu, watu wasiozidi 300 kwa siku. Sasa niambie, jiwe lililotobolewa na kufungwa nyaya, ambalo halijaguswa ni lipi? Waliondolewa watu, kuguswa kukaendelea.

Mwaka 1927 ilifunguliwa hoteli ya kifahari pale bondeni, ikaitwa The Ahwahnee. Nyumba za mwisho za kijiji cha wenyeji zilibomolewa mwaka 1969. Mwaka 2016 hoteli ilibadilishwa jina kwa sababu kampuni iliyokuwa na kandarasi ilidai jina ni mali yake, kesi ikaendelea hadi 2019 ndipo jina likarudishwa. Mabwana wawili wanapigania jina kortini, na mwenye jina si mmoja wao.

Utasema, hayo ni ya Wamarekani. Haya, twende Mlima Kenya. Wengi wetu tumepiga picha pale Point Lenana. Jina hilo lilitolewa na Mwingereza, Halford Mackinder, mwaka 1899, akimtaja laiboni wa Wamaasai. Miaka mitano baadaye Lenana aliweka alama yake kwenye mkataba uliowatoa Wamaasai Bonde la Ufa. Mwaka 1911, mwaka aliofariki, mkataba mwingine ukawatoa Laikipia, nchi inayoutazama mlima huo. Kilele kikabaki na jina, ardhi ikaenda. Ni Tenaya yule yule, tofauti ni kofia tu.

Na si historia. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, kule Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza msitu wa Mau. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi yao kwa hati ya pamoja. Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena kule Narok. Sababu iliyotolewa? Kuhifadhi msitu.

Najua kuna atakayeniuliza kama nataka Mau ikatwe makaa. Sitaki. Maji ninayokunywa yanatoka misituni. Lakini usinichanganyie mwenye msumeno wa mashine na mwenye mizinga ya nyuki. Waogiek ni warina asali, msitu ukiisha nao wameisha. Hifadhi inayoanza kwa kumtoa mlinzi wa kwanza hailindi kitu, inabadilisha mwenye mali.

Basi jaketi sitalitupa, baridi ya Julai haina siasa. Ninachoomba ni kidogo. Ukifika kileleni na mtandao ukashika, usiandike chini ya picha kwamba mahali hapo hapajaguswa. Muulize mwongozaji wako nyanya yake alipaitaje, uandike hilo. Na siku ile utakaposikia kwamba watu wanatolewa msituni kwa faida yako wewe mpenda milima, usinyamaze. Linafanywa kwa jina lako, na umelivaa kifuani.